Kabla ya Aston Martin: Simu Ilivyoingia Kwenye Magari ya Jinja na Mbale

Mwezi Mei 2025 kampuni ya Uingereza ya Aston Martin ilitangaza kwamba magari yake mapya ya kifahari, kwa kuanzia na yale yanayouzwa Marekani na Kanada, yatakuja na CarPlay Ultra, mfumo wa kampuni ya Apple. Dereva akishaunganisha iPhone yake, simu ndiyo inayotawala kila skrini iliyo mbele yake: ramani, muziki, hata mshale wa mwendo. Ni hatua kubwa, na walioitengeneza wana haki ya kujivunia. Lakini kaa na mafundi wa redio za magari wa Mbale, nao watakusimulia historia nyingine ya simu na gari, ndefu na yenye jasho zaidi, ambayo haijapewa nafasi inayostahili katika magazeti yetu.

Makala hii inategemea sana kumbukumbu za watu wawili. Mmoja ni fundi wa Mbale aliyeanza kushika nyaya za redio mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwingine ni dereva mstaafu wa takisi aliyebeba abiria kati ya Jinja na Mbale kwa kupitia Iganga, Namutumba, Tirinyi na Budaka. Wote waliomba majina yao yasiandikwe.

Enzi za kwanza wanazipita haraka. Zilikuwepo Peugeot 404 na 504, na redio iliyokuwepo ilikuwa Radio Uganda, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa Jinja. Kisha zikaja kanda. Dereva mwenye kanda za Afrigo Band au za Franco hakukosa abiria, na kanda ikinaswa aliiokoa kwa kalamu ya biki. Basi.

Mambo yalianza kunoga mwaka 1993. Mwishoni mwa mwaka huo Kampala ilipata vituo vya kwanza vya FM vya watu binafsi, Sanyu na Capital, na baada yao vikafuata vya mikoani. Miaka hiyohiyo, baada ya serikali kulegeza masharti ya fedha za kigeni na biashara, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika: Corona, Carina, Hiace, baadaye Ipsum na Premio. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko upande wetu, bei inavumilika. Yalishushwa Mombasa, yakapita Malaba na Tororo, yakavuka Jinja kwenda Kampala kuuzwa. Mtu wa Mbale alifunga safari hadi Kampala kununua gari lililokwisha kupita karibu na kwao, halafu akalirudisha njia ileile.

Gari na FM, vitu viwili vilivyoingia nchini kwa wakati mmoja, havikuelewana. Huko Japani redio ya FM ilianzia megahezi 76 na kuishia 90. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tunaanzia 87.5 na kwenda hadi 108. Wajapani hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Nafasi ya kati ya 90 na 108 ilikuwa imeshakaliwa na televisheni, chaneli ya kwanza hadi ya tatu. Walizima televisheni ya analojia mwaka 2011 na kumaliza 2012, na tangu 2014 wameanza kurusha redio hadi 95. Lakini magari yaliyoletwa kwetu miaka ya tisini na elfu mbili yalikuwa na masikio yaliyokomea 90.

Sasa chukua ramani ya vituo vyetu uone adha yake. Jinja ina Baaba FM kwenye 87.7, Kiira FM kwenye 88.6 na NBS kwenye 89.4. Zote ziko chini ya 90, kwa hiyo redio ya Kijapani ilizikamata bila tatizo. Busoga One, kwenye 90.6, iliikosa redio hiyo kwa sehemu ndogo kabisa. Mbale ni habari nyingine: Step FM iko kwenye 99.8 na Open Gate kwenye 103.2. Dereva aliyetoka Jinja akisikiliza habari kwa Lusoga alivuka kinamasi cha Mpologoma huku sauti ikichakaa, na kabla hajafika Kamonkoli redio ilikuwa imebaki na mkwaruzo tu. Mlima Elgon uko mbele yake, mji umejaa matangazo, na gari lake halisikii hata moja.

Wateja walidhani redio zimeharibika. Fundi wetu anakumbuka walivyokuwa wakimjia: mzee, redio imekufa, nimelinunua gari juzi tu. Yeye mwenyewe mwanzoni alizifungua na kuzifunga bila kuona kasoro, mpaka alipopata kifaa kidogo, kikubwa kidogo kuliko kibiriti, ambacho mafundi walikiita konveta.

Nilikishika kimoja mezani kwake. Upande mmoja kina tundu la kupokea waya wa antena, upande wa pili kina mkia wa kuchomeka kwenye redio. Katikati zinatoka nyaya mbili: nyekundu inaunganishwa na umeme unaowaka ufunguo unapozungushwa, nyeusi inafungwa kwenye bodi ya gari. Kazi yake ni kuyashusha mawimbi kabla hayajaifikia redio. Konveta ya megahezi 20 huichukua Step FM ya 99.8 na kuiweka kwenye 79.8, na Open Gate ya 103.2 ikasikika kwenye 83.2. Redio ya Kijapani haijui kwamba imedanganywa. Inaona kituo cha 79.8, inakipiga.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na fundi huyu anausimulia kana kwamba ulikuwa wa jana. Konveta ikiyashusha mawimbi yote kwa 20, Kiira FM ya 88.6 inaangukia 68.6, mahali ambapo redio haifiki kabisa. NBS nayo inapotea, Baaba nayo. Gari lililokuwa kiziwi Mbale sasa limekuwa kiziwi Jinja. Madereva wa takisi wa njia ile walirudi wakiwa wakali. Abiria waliopanda Jinja na Iganga walitaka vipindi vya Lusoga, waliopanda Mbale walitaka Lumasaba, na kondakta ndiye aliyesikia malalamiko ya pande zote. Dereva mstaafu anasema kuna siku abiria walibishana kuhusu redio kutoka Namutumba hadi Budaka, na yeye hakuwa na la kuwaambia kwa sababu gari ndilo lililokuwa limeamua.

Suluhisho lilikuwa swichi. Fundi alitoboa tundu dogo chini ya usukani, akaweka swichi ya pande mbili: upande mmoja antena inapitia konveta, upande wa pili inaingia moja kwa moja kwenye redio. Dereva akitoka Jinja anaiacha chini. Akishavuka Tirinyi na sauti ikaanza kupungua, anaipandisha. Kwa kidole kimoja Busoga inaondoka na Bugisu inaingia. Madereva walianza kuagizana: nenda Mbale kwa yule mzee akufungie swichi.

Mafundi wa Jinja wanabisha. Wanadai swichi ilianzia kwao, na kwamba Mbale waliiona kwenye takisi za Jinja wakaiiga. Mimi, baada ya kuwasikiliza wote, naegemea Mbale, kwa sababu moja ya kawaida: Jinja haikuwa na shida. Redio ya Kijapani ilipata vituo vitatu Jinja bila kusaidiwa na mtu. Mbale ndiko dereva alikofika akakuta kimya, na mwenye njaa ndiye anayetafuta chakula. Wanaotaka kunikosoa walete gari.

Baada ya redio ilikuja zamu ya skrini. Magari ya miaka ya elfu mbili yaliletwa na vioo vya ramani katikati ya dashibodi, na ramani yenyewe ilikuwa ya Japani pekee. Gari liko Clock Tower ya Mbale, skrini inalionyesha mahali tupu pasipo barabara. Ukiwasha injini, sauti ya mwanamke inazungumza Kijapani kukukumbusha kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara za kwao. Kuna watu wamesikia kumbusho hilo kila asubuhi kwa miaka bila kujua wanaambiwa nini.

Shida kubwa zaidi ilikuwa betri. Skrini nyingi za Toyota zina kufuli: umeme ukikatika, zikirudi zinadai namba ya siri au kadi ya kumbukumbu yenye ramani, na mara nyingi kadi hiyo ilikwisha kupotea kabla gari halijamfikia mnunuzi. Fundi asiyejua alibadilisha betri kwa nia njema, na mteja akaondoka na kioo cheusi. Wanaojua walijifunza kuweka betri ya pili pembeni, wakaunganisha nyaya zake kwanza ili kumbukumbu isizimike, ndipo wakaifungua ile ya zamani. Ni kazi ya dakika chache na haionekani kwa macho, lakini imeokoa skrini nyingi.

Na simu? Simu iliingia kwa mlango wa kiberiti cha sigara. Wanaiita modyuleta: unaichomeka kwenye tundu hilo, inachukua nyimbo kutoka kwenye flashi, baadaye kutoka kwenye simu kwa waya au kwa bluetooth, kisha inazirusha kama kituo kidogo cha redio ambacho hakisikiki nje ya gari lako. Lakini kumbuka ile 90. Modyuleta nyingi zinaanzia 87.5, kwa hiyo kwa redio ya Kijapani nafasi iliyobaki ni finyu, kutoka hapo hadi 90. Mbale nafasi hiyo ilikuwa na utulivu, simu ikapiga vizuri. Jinja nafasi ileile ndiyo wanayoikalia Baaba, Kiira na NBS, na dereva ilimbidi atafute upenyo kati yao. Akisogea karibu na mnara, mtangazaji anaufunika wimbo wake. Safari hii Mbale ilikuwa na bahati kuliko Jinja.

Nimekaa hapa kwa muda mrefu kwa sababu wazo la modyuleta ndilo wazo la Ferrari. Tarehe 3 Machi 2014, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Apple ilizindua CarPlay pamoja na Ferrari, Mercedes-Benz na Volvo, na Ferrari FF ikaonyeshwa ikiwa na mfumo huo. Simu ikiunganishwa kwa waya, yenyewe ndiyo inayofikiri: inatafuta njia, inasoma ujumbe, inachagua wimbo. Skrini ya gari inapokea picha tu na kurudisha mguso wa kidole. Akili iko kwenye simu, gari linatoa spika na kioo. Dereva wa Hiace aliyechomeka modyuleta kwenye barabara ya Tirinyi alikuwa amekwisha kuugawa mzigo kwa namna hiyohiyo, kwa fedha ya mafuta ya siku moja.

Google ilifuata na Android Auto, iliyotangazwa Juni 2014. Porsche 911 ya mwaka 2015 ilichukua CarPlay peke yake. Toyota, ambayo ndiyo inayobeba watu wetu, ilisita hadi Januari 2018 ilipotangaza kwamba Avalon mpya itakuwa gari lake la kwanza lenye CarPlay. Mwaka huohuo Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Magari yamekuwa mapya kidogo, lakini kwa miaka mingi tumeendelea kupokea Toyota zilizotengenezwa kabla ya kampuni hiyo kukubali. Ndiyo maana leo katika maduka ya Jinja na Mbale wanauza skrini za Kichina zenye Android ndani, zinazokamata FM hadi 108 na kuonyesha ramani ya simu. Wanang'oa ya Kijapani, wanapachika ya Kichina, na konveta zinatupwa kwenye sanduku la vyuma chakavu.

Hilo linaniuma, kwa sababu ujuzi wa mafundi hao unatupwa pamoja nazo. Jinja na Mbale ni majiji tangu Julai 2020. Jinja ina kiwanda cha Kiira Motors, mtoto wa kazi iliyoanzia Makerere na kutupa Kiira EV mwaka 2011 na basi la jua la Kayoola mwaka 2016. Najivunia kiwanda hicho na sioni haya kusema. Lakini basi la Kiganda nalo litakuwa na dashibodi, na kati ya Jinja kilipo kiwanda na Mbale walipo mafundi hawa ni safari ya asubuhi moja. Wanajua redio za nchi gani hazielewani na zetu, skrini gani hujifunga betri ikitoka, na abiria wa njia ile wanataka kusikia nini wakifika wapi.

Fundi wetu hana cheti. Alijifunza kwa kuchoma vidole, na vijana waliopitia mikononi mwake hawana cheti pia. Nchini tayari kuna utaratibu wa kuwapima na kuwatambua watu waliojifunza kazi wakiwa kazini. Chuo cha Ufundi cha Elgon kiko Mbale hapohapo. Ombi la mzee huyu ni kwamba wapimaji waje kwenye banda lake, si yeye awafuate Kampala, kwa sababu akifunga banda kwa siku mbili wateja wanahama. Ana konveta tatu za zamani alizokataa kuzitupa, na yuko tayari kuzitoa kwa chuo kitakachokubali kuzionyesha kwa wanafunzi pamoja na ile swichi ya pande mbili.