Rangi si Ugonjwa: Historia ya Majina ya Maradhi ya Mwanafarasi Mweupe

Katika uundaji wa istilahi hutokea mara nyingi kwamba jambo hupewa jina kutokana na kile kilichoonekana kwanza, na jina hilo likadumu hata baada ya wataalamu kutambua kwamba kilichoonekana kilikuwa ni dalili tu. Makala haya yanakusudia kueleza mfano mmoja wa hali hiyo, yaani historia ya majina waliyopewa wanafarasi wanaozaliwa wakiwa weupe au wakiwa na manyoya yenye rangi isiyo ya kawaida. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu neno ambalo mfasiri wetu angelikimbilia upesi, yaani zeruzeru, halistahili hapa hata kidogo, na madhara yake yangewafikia watu na si farasi tu.

Farasi hakuenea sana katika Afrika Mashariki. Mbung'o na ugonjwa wa nagana anaoueneza viliwazuia wanyama hao kustawi katika sehemu nyingi za bara. Kwa hiyo Kiswahili kililipokea neno farasi kutoka Kiarabu, lakini hakikuwa na haja ya kujiwekea akiba kubwa ya maneno ya umri na rangi za mnyama huyo. Katika makala haya tunatumia mwanafarasi, kwa kufuata mwanapunda, neno linalojulikana tangu zamani na wasomaji wa Biblia. Kwa farasi mwenye sehemu pana nyeupe mwilini tunatumia farasi wa mabaka, maana madoa ni madogo na mabaka ni makubwa.

Historia yenyewe ni ya Marekani zaidi kuliko ya nchi nyingine. Mwaka 1937, katika jimbo la Nebraska, kiliundwa chama cha wafugaji wa farasi weupe, nacho kikajiita chama cha farasi albino. Albino ni neno la Kireno lenye mzizi wa Kilatini wenye maana ya weupe. Wareno walilitumia kuwataja watu waliowakuta katika pwani ya Afrika wakiwa na ngozi isiyo na rangi. Lakini farasi dume aliyekuwa chimbuko la ukoo ule, aitwaye Old King, alikuwa na ngozi ya waridi na macho ya kahawia. Mwenye ualbino hukosa rangi machoni kama anavyoikosa katika ngozi na nywele. Kwa hiyo macho yale peke yake yalitosha kulipinga jina. Hadi leo ualbino kamili haujathibitishwa katika farasi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba farasi wengi wanaozaliwa weupe wana mabadiliko katika jeni iitwayo KIT, na wengi wao huishi kwa afya njema.

Yuko, hata hivyo, mwanafarasi mweupe asiyeishi. Katika miaka ya 1960 wafugaji wa farasi wa mabaka wa Marekani walijiunga katika vyama, na mwaka 1965 viwili kati ya hivyo vikaungana kuwa American Paint Horse Association. Baadhi ya mabaka yaliitwa overo, neno la Kihispania lililotoka Amerika ya Kusini. Wafugaji walikuwa wameona kwamba farasi dume na farasi jike, wote wawili wa overo, mara nyingine huzaa mtoto mweupe mwenye macho ya buluu. Mtoto huyo husimama na kunyonya kama wenzake, lakini hapati choo cha kwanza. Baada ya saa chache tumbo humsokota, na katika siku chache hufa. Wafugaji waliuita ugonjwa huo weupe wa kufisha.

Jina hilo lilikuwa na kasoro, kwa sababu weupe haumuui mnyama. Mwaka 1982 Hultgren alichapisha uchunguzi wa matumbo ya wanafarasi wa namna hiyo. Ilionekana kwamba sehemu za mwisho za utumbo hazikuwa na vifundo vya neva vinavyouamrisha utumbo kusukuma chakula. Jambo hilo halikuwa geni kwa matabibu wa binadamu. Mwaka 1886 Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, alikuwa ameeleza habari za watoto wachanga waliokufa kwa kufungwa choo, na ugonjwa wao ukapewa jina lake. Baadaye ilijulikana kwamba nao hukosa vifundo vya neva katika utumbo mpana.

Je, rangi na utumbo vinahusianaje? Jibu limo katika kiinitete. Mwaka 1868 Wilhelm His alieleza, kwa kuchunguza viinitete vya kuku, ukanda mdogo wa seli ulio kando ya mrija ambao baadaye huwa ubongo na neva kuu ya mgongoni. Tunauita hapa ukingo wa neva. Kutoka ukingoni humo seli huhama: nyingine huenda kwenye ngozi na kuwa seli za rangi, nyingine huenda kwenye utumbo na kuwa seli za neva. Safari ikivurugika, mwili hukosa vyote viwili. Mwaka 1994 jeni iitwayo EDNRB ilihusishwa na tatizo hilo katika binadamu na katika panya. Mwaka 1998 makundi matatu ya watafiti yalitangaza, kila moja kwa njia yake, kwamba wanafarasi weupe wanaokufa wana badiliko katika jeni hiyo hiyo. Wamelirithi kwa baba na kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja tu ni mzima, lakini wabebaji wawili wakipandishana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto wa kufa. Kwa kuwa wabebaji wengine hawana mabaka ya kutambulika kwa macho, hupimwa kwa singa chache za nywele zilizong'olewa pamoja na mizizi yake.

Uko pia ugonjwa mwingine wa wanafarasi wa Kiarabu. Hawa huzaliwa na manyoya ya urujuani mpauko au ya kifedha, hushindwa kusimama, hupatwa na degedege, na hawaponi. Mwaka 2010 chanzo kilitambulika kuwa ni jeni iitwayo MYO5A. Kiingereza huuita ugonjwa huu kwa jina la rangi ile ya urujuani.

Tukiyalinganisha mambo haya matatu kwa lugha ya kazi, tofauti hudhihirika. Katika ualbino mafundi wa rangi wapo, ila rangi yenyewe, yaani melanini, haitengenezwi au hutengenezwa kidogo. Katika mwanafarasi mweupe anayekufa, mafundi hawakufika. Katika mwanafarasi wa urujuani, mafundi wamefika na melanini imetengenezwa, ila mchukuzi wa kuipeleka kwenye manyoya hayupo, na mchukuzi huyo huyo huhitajika katika seli za neva.

Hapa ndipo ilipo hatari ya neno zeruzeru. Mwanafunzi akisoma kwamba farasi zeruzeru hufa katika siku chache, atajifunza kwamba ualbino ni ugonjwa wa kufisha. Huo ni uongo, tena ni uongo wa hatari katika nchi ambamo watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya ushirikina. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kukuza uelewa kuhusu ualbino. Haifai kitabu cha mifugo kibomoe kinachojengwa siku hiyo. Nalo jina weupe wa kufisha, likifasiriwa neno kwa neno, laweza kumfanya mfugaji amchinje mwanafarasi mweupe aliye mzima kabla ya kungoja kuona kama atapata choo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, ugonjwa wa mwanafarasi mweupe uitwe ukosefu wa vifundo vya neva utumboni, na weupe utajwe katika maelezo kama dalili. Pili, ule wa farasi wa Kiarabu uitwe kasoro ya uchukuzi wa melanini, na urujuani nao ubaki dalili. Tatu, ualbino utumike pale tu ambapo mwili umeshindwa kutengeneza melanini, na zeruzeru lisitumike kabisa katika maandishi ya taaluma. Nne, mbalanga libaki kwa ngozi iliyokuwa na rangi kisha ikaipoteza, hali inayowapata hata baadhi ya farasi wachanga wa Kiarabu kuzunguka macho na midomo bila kuwadhuru.

Tunatambua kwamba majina haya ni marefu kuliko yale ya wafugaji. Lakini bwana mifugo atakayeyasoma atajua mara moja aanze kutazama wapi. Tunawaalika wafasiri, walimu na maofisa wa mifugo wayapime katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa wale wenye maneno ya rangi za ng'ombe na punda ambayo yangeweza kuazimwa kwa ajili ya farasi.