Kuhamishia mfumo endeshi kwenye diski mpya bila ya kupoteza kumbukumbu

MWENYE duka wa Michenzani ambaye kompyuta yake huchukua dakika nne au tano kabla ya kuwa tayari kuandika risiti ya mteja wa kwanza, mara nyingi huambiwa kuwa mashine imezeeka na hana budi kununua nyengine. Ushauri huo si sahihi kila wakati. Katika kompyuta nyingi za zamani kinachochelewesha kazi ni diski kuu, ambayo ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosogea huku na kule kutafuta faili. Kila utafutaji huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, na mfumo endeshi hutafuta maelfu ya mafaili unapoamka.

Diski mpya isiyokuwa na kitu kinachozunguka, inayojulikana madukani kwa herufi SSD, huhifadhi kumbukumbu kwenye vipande vya umeme kama ilivyo flashi, na hulifikia faili kwa muda mfupi mno.

Njia safi ya kuitumia ni kusimika mfumo upya. Lakini mwenye duka, au mwanafunzi anayeandika tasnifu, ana programu ambazo diski zake za kusimikia zimeshapotea, na hesabu za miaka ambazo hajui zimehifadhiwa wapi. Kwa mtu kama huyo ni bora kunakili diski nzima kama ilivyo, pamoja na mfumo endeshi wake, kwenda kwenye diski mpya.

Kabla ya jambo lolote, mafaili yasiyoweza kupatikana tena yanakiliwe kwanza kwenye chombo cha tatu. Hili halina mbadala. Diski kuukuu inayotoa mlio wa kugonga, au ambayo mafaili yake yamekuwa mazito kufunguka, huenda imo katika siku zake za mwisho, na kuinakili yote ni kuisomesha kwa saa kadhaa bila ya kupumzika. Iwapo itakufa katikati ya kazi, angalau hesabu na picha za familia zitakuwa zimeshatoka.

Jengine la kuangaliwa ni ujazo. Diski inayouzwa kwa jina la gigabaiti 240 huonekana katika Windows kuwa na takriban 223, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa maelfu na Windows kwa 1,024. Diski kuu ya gigabaiti 500 inaweza kuhamia humo ikiwa vilivyomo ni vichache, lakini si kila programu inakubali. Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa Taiwan, kwa kawaida hutaka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. Vyenginevyo sehemu za diski lazima zipunguzwe kwanza.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Wakazi wa Unguja hawajasahau mwezi mzima wa giza uliofuatia hitilafu ya Mei 2008, wala miezi mitatu iliyoanzia Disemba 2009. Waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini hata kukatika kwa dakika moja kunatosha kuharibu kazi hii. Wakati wa kunakili, diski ya zamani husomwa tu. Umeme ukikatika mtu huanza upya na hasara yake ni muda. Wakati wa kupunguza sehemu, diski hiyo hiyo huandikwa, na umeme ukikatika mafaili yanaweza kuharibika. Kwa hiyo kompyuta ya mezani ifungwe kwenye betri ya akiba, na ya mkononi iwe imejaa chaji na bado imechomekwa.

Kwa kompyuta ya mkononi yenye nafasi moja tu ya diski, diski mpya huunganishwa nje kwa waya wa USB. Kwa USB ya toleo la 2, inayopitisha takriban megabaiti 30 kwa sekunde, gigabaiti 150 huchukua zaidi ya saa moja na robo. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, kinga hiyo isimamishwe kwanza na ufunguo wake wa tarakimu 48 uandikwe karatasini.

Kisha programu huuliza ipi ni diski ya kunakiliwa na ipi ya kupokea. Ajali kubwa kuliko zote hutokea hapa: aliyezigeuza huandika utupu wa diski mpya juu ya kumbukumbu zake zote. Asomaye ujazo na jina la kiwanda cha kila diski mara mbili kabla ya kukubali hatakosea kirahisi, na fundi anayeharakisha hatua hii si wa kumwachia kompyuta.

Kazi ikimalizika, kompyuta izimwe na diski ya zamani itolewe kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Diski mbili zilizonakiliana zina alama moja ya utambulisho, na zikikutana mfumo huweza kuikataa moja au, katika Linux, kuifungua isiyokusudiwa. Leseni ya Windows kwa kawaida haipotei, kwani toleo la 10 na la 11 huitambua zaidi bodi kuu kuliko diski.

Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ndiyo ya kwanza katika ukoo wake kujua kuitunza diski ya aina hii. XP ibaki kwenye diski yake ya zamani. Aidha, kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 haitakubaliwa kwa kubadilishwa diski pekee, na muda wa kawaida wa huduma kwa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025.

Diski iliyotolewa ihifadhiwe pakavu kwa wiki kadhaa bila ya kufutwa, hadi mwenyewe ahakikishe kuwa kila hesabu inafunguka. Akiamua kuiuza, aifute kikamilifu kwa programu maalumu, kwani faili lililotupwa kwenye pipa la kompyuta bado linaweza kusomwa na mnunuzi.