Tufani Huingia Dirishani

Wanaosoma historia ya Unguja huijua tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Hujua kwamba sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa iling'olewa, kwamba merikebu za Seyyid Barghash ziliangamia, na kwamba Pemba, ambayo haikuguswa sana, ilitwaa tangu hapo nafasi ya kwanza katika kilimo cha karafuu. Hayo ni mambo ya mali na dola, nayo yamestahili kuandikwa. Lakini liko swali dogo ambalo sisi wasomaji wa historia huliuliza mara chache: nyumba ipigwapo na tufani, hufa vipi? Jibu lake lilitafutwa kwa makini mbali na pwani yetu, kwanza Australia na kisha Marekani, na gharama ya kulipata ililipwa mara mbili.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Desemba 1974, tufani iliyopewa jina la Tracy iliupiga mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia. Kipimo cha upepo katika uwanja wa ndege kilionyesha kilomita 217 kwa saa, kisha chenyewe kikaharibika. Mji ulikuwa na watu wapatao 47,000; baada ya tufani zaidi ya 30,000 kati yao walihamishwa, maana nyumba za kukaa hazikuwapo. Mhandisi George Walker, wa Chuo Kikuu cha James Cook, alichunguza mabaki na kutoa taarifa yake mwaka 1975.

Taarifa ile ilionyesha jambo ambalo macho matupu hayalioni. Mtu akitazama nyumba isiyo na paa husema upepo umeliezua paa kwa nje. Mara nyingi sivyo, au si hivyo tu. Kipande cha mbao au cha bati kutoka nyumba ya jirani huruka na kuvunja dirisha lililoelekea upepo. Upepo huingia, na kwa kuwa hauna pa kutokea, huzisukuma kuta kutoka ndani na kulisukuma paa kwenda juu, wakati huohuo upepo wa nje ukilivuta paa hilohilo. Nguvu hizo mbili zikijumlishwa, mzigo juu ya misumari huweza kukaribia maradufu. Nyumba huwa kama tanga lililojaa upepo, ila tanga huwa na mtu wa kulilegeza. Paa la nyumba ya kwanza nalo huwa silaha dhidi ya nyumba ya pili.

Kwa hiyo, kulinda dirisha si kulinda kioo. Ni kulinda paa, na pamoja na paa, watu walio chini yake. Wale wanaobandika utepe wa gundi juu ya vioo kwa mfano wa msalaba, desturi iliyoenea sana Marekani, hawalindi kitu: kioo huvunjika vilevile.

Kifuniko cha dirisha si kitu kigeni kwa mtu wa pwani. Nyumba zetu za mawe zina mbawa za mbao, bawaba na makomeo. Lakini hizo zilitengenezwa kwa ajili ya jua, mwizi na macho ya wapita njia. Kifuniko cha tufani kina kazi nyingine. Huwa cha bati nene la chuma au la aluminiamu, au mbao zilizokazwa kwa parafujo ukutani, si kwenye kiunzi cha dirisha. Na yapasa kistahimili pigo la kitu kirukacho. Darwin ilipojengwa upya, kanuni ziliweka kipimo: dirisha au kifuniko chake kistahimili pigo la mti wa kilo 4 urushwao kwa kasi kubwa, au sivyo nyumba yote ijengwe kana kwamba dirisha limekwisha kuvunjika. Kwangu mimi, hiyo ni mojawapo ya kanuni za busara zilizopata kuandikwa na serikali yoyote kuhusu ujenzi.

Maarifa hayo yalichapishwa, nayo yalisomeka kwa Kiingereza, lugha ya Wamarekani wenyewe. Walakini huko Florida, wilaya ya Dade iliendelea kutegemea kanuni zake za tangu mwaka 1957, ambazo zilisifiwa sana. Tarehe 24 Agosti 1992 tufani Andrew ilifika karibu na Homestead, upepo wake ukivuma kilomita zipatazo 265 kwa saa. Nyumba zaidi ya 25,000 ziliharibiwa kabisa na nyingine zipatazo 100,000 zikapata hasara. Wachunguzi wakakuta mapaa yaliyopigiliwa kwa uzembe na ukaguzi uliokuwa wa jina tu. Kadhalika wakakuta madirisha yaliyovunjika, na milango mipana ya mabanda ya magari iliyobonyea ndani na kuufungulia upepo njia. Mwaka 1994 Dade ikaamuru kwamba kila uwazi wa jengo jipya uwe na kifuniko au kioo kisichopenyeka. Na kipimo? Mti wa ratili 9, urushwao kwa mzinga wa hewa kwa kasi ya futi 50 kwa sekunde. Ratili 9 ni kilo 4. Somo la Darwin lilikuwa limewasili Miami, baada ya miaka kumi na tisa.

Lilifika Miami, halikufika Florida yote. Jimbo lilipoanza kutumia kanuni moja ya ujenzi mwaka 2002, sehemu yake ya kaskazini-magharibi ilipewa msamaha: huko ulinzi wa madirisha ulilazimishwa katika ukanda wa maili 1 tu kutoka baharini. Wajenzi walikuwa wamelalamikia gharama, na wabunge wakawasikiliza. Msamaha huo ulifutwa mwaka 2007, lakini nyumba zilizojengwa chini yake hazikufutwa pamoja nao. Tarehe 10 Oktoba 2018 tufani Michael, yenye upepo wa kilomita zipatazo 257 kwa saa, iliingia nchi kavu katika wilaya ya Bay, ndani ya eneo hilohilo. Nyumba iliyojengwa huko mwaka 2005, maili 2 kutoka pwani, haikulazimishwa na sheria ya jimbo kuwa na kifuniko hata kimoja.