Wangila: dhahabu ya Seoul, kifo cha Las Vegas

Jumamosi moja usiku nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Sumbawanga. Nje baridi yetu ya Ufipa, ndani joto la watu na kelele. Kwenye TV kulikuwa na pambano la ngumi. Bondia mmoja alikuwa ameshapokea makonde mengi ya kichwa mfululizo bila kurudisha hata moja, mwamuzi akaingia katikati, akapunga mikono, pambano likaisha. Basi banda zima likalipuka! "Refa kahongwa huyo!" "Si angemwacha afe kiume?" Na yule bondia mwenyewe alikuwa anamlalamikia mwamuzi, anamwonyesha kwa mikono kwamba bado yuko fiti.

Jamaa aliyekaa pembeni yangu akanigeukia: "Wewe mwandishi, unaonaje hiyo?" Nikamuuliza kama anamjua Robert Wangila. Hakumjua. Nikauliza na wengine wawili watatu, wapi! Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba hiki kisa inabidi nikiandike, maana kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Haya, twende pamoja.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alikua katika miaka ambayo Kenya ilikuwa nchi ya ngumi kwelikweli. Leo ukitaja Kenya na Olimpiki kila mtu anafikiria wakimbiaji wa Bonde la Ufa, lakini Wakenya walikuwa na jeshi lao la ulingoni pia, timu ya taifa iliyopewa jina la Hit Squad. Philip Waruinge alikuwa amewaletea shaba mwaka 1968 kule Mexico na fedha mwaka 1972 kule Munich. Hapo hapo Munich, Samuel Mbugua na Dick Murunga nao walipata shaba. Baadaye Kenya ikasusia Olimpiki za 1976 na 1980, kizazi kizima cha mabondia kikakosa nafasi. Walivyorudi mwaka 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali akapata shaba.

Kwa hiyo walikuwa na shaba na fedha, lakini dhahabu hakuna. Na si Kenya tu. Waganda walikuwa na mabondia wa kutisha miaka hiyo: Leo Rwabwogo alifika fainali mwaka 1972 akarudi na fedha, John Mugabi akafika fainali ya uzito wa welter kule Moscow mwaka 1980, akafungwa na Andrés Aldama wa Cuba. Wacameroon na Waghana nao waliwahi kufika fainali, wakaishia hapo hapo. Ikawa kama kuna ukuta.

Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na uwanja wa Kasarani ukafunguliwa. Wangila akachukua dhahabu ya uzito wa welter mbele ya watu wake. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda Seoul, Korea Kusini.

Nusu fainali hakupigana, maana mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, alishindwa kupanda ulingoni. Fainali ikawa dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Huyu usimchukulie kirahisi, ni yule yule aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA katika ngumi za kulipwa miaka ya tisini. Wangila alimmaliza kwa nokauti raundi ya pili. Hapakuwa na majaji wa kuhesabu pointi wala ubishi wa nani kapendelewa. Na hii ilikuwa Seoul, mashindano ambayo mpaka leo watu wanayakumbuka kwa jinsi Roy Jones wa Marekani alivyodhulumiwa na majaji kwenye fainali yake. Wangila hakuwaachia majaji kazi yoyote.

Alikuwa na miaka 21. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kupata dhahabu ya Olimpiki kwenye ngumi kabla yake. Kenya ilirudi na dhahabu 5 mwaka huo: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki kwenye riadha, na Wangila kwenye ngumi. Mpaka baada ya Olimpiki za Paris 2024, dhahabu yake ndiyo pekee ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Sisi Tanzania tumekaa na fedha mbili za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, kwa hiyo tunajua vizuri medali moja inavyoweza kubeba taifa kwa miaka.

Sasa hapa ndipo kisa kinapogeuka.

Medali ya dhahabu ni kitu kizuri sana kuning'iniza ukutani, lakini hailiwi. Ngumi za ridhaa, yaani zile za Olimpiki, hazikuwa na mshahara wa kumtoa mtu. Bondia wa Afrika Mashariki aliyetaka kuishi kwa mikono yake alikuwa na njia moja tu, kwenda kwenye ngumi za kulipwa. Na fedha za maana zilikuwa ng'ambo. Wangila akaenda Marekani.

Watu wengi wanadhani ngumi ni ngumi. Si kweli ndugu zangu. Seoul pambano lilikuwa raundi 3 za dakika 3, jumla dakika 9, na bondia amevaa kofia ya kinga kichwani. Kwenye ngumi za kulipwa kofia inavuliwa, raundi zinaongezeka mpaka 10 au 12, na wapinzani ni watu ambao wanakula kwa kazi hiyo hiyo. Wangila alikuwa mpigaji. Katika mapambano aliyoshinda, mengi aliyamaliza kwa nokauti. Lakini mpigaji mara nyingi anasogea karibu ili apige, na ukisogea karibu nawe unapigwa. Rekodi yake ya kulipwa inaonyesha ushindi 22 na vipigo 5. Si rekodi mbaya, ila kwa mtu aliyeingia akiwa bingwa wa Olimpiki watu walitegemea mkanda wa dunia, na mkanda huo haukuja. Boudouani, yule aliyelala raundi ya pili kule Seoul, ndiye aliyekuja kuuvaa mwaka 1996. Wakati huo Wangila alikuwa kaburini.

Ijumaa tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alipanda ulingoni dhidi ya David Gonzalez. Raundi zikaenda, makonde yakaenda. Raundi ya 9 mwamuzi Joe Cortez akaona inatosha, akasimamisha pambano.

Wangila akalalamika. Aliona pambano limesimamishwa mapema, kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea. Akateremka ulingoni kwa miguu yake, akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndiko alikopoteza fahamu. Akakimbizwa hospitali, akafanyiwa upasuaji wa kichwa, hakuamka tena. Jumapili tarehe 24 Julai akafariki dunia. Alikuwa amebakiza kama wiki sita kutimiza miaka 27.

Hebu soma tena hapo. Mtu aliyekuwa anakufa ndiye aliyekuwa anasema bado yuko fiti. Wala hakuwa anadanganya, ndivyo alivyojisikia.

Inawezekanaje? Ubongo haujashikiliwa kwa misumari ndani ya fuvu, uko kama unaelea. Konde zito likitua, hasa lile linalozungusha kichwa ghafla, fuvu linakwenda na ubongo unachelewa kidogo. Kati ya ubongo na fuvu kuna vimishipa vidogo vya damu, na vinaweza kukatika. Damu inaanza kuvuja polepole. Dakika za kwanza mtu anatembea, anaongea, anagombana na refa. Damu inaendelea kujaa, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo unaanza kubanwa. Kichwa kinauma, anatapika, anapata usingizi wa ajabu, halafu anazima. Kuanzia hapo ni mbio za kumfikisha kwa daktari anayeweza kufungua fuvu na kutoa ile damu, na kila saa inayopita ina gharama yake.

Mara nyingine hata mbio hizo hazisaidii. Las Vegas ndio mji mkuu wa ngumi duniani. Madaktari wanakaa pembeni ya ulingo, hospitali kubwa iko jirani. Hapo hapo mwaka 1982 Mkorea Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini, akafariki siku chache baadaye, na kifo chake ndicho kilichofanya mapambano ya ubingwa wa dunia yapunguzwe kutoka raundi 15 hadi 12. Mwaka mmoja baada ya Wangila, Jimmy Garcia wa Colombia naye alifia hapo baada ya kupigana na Gabriel Ruelas. Kama Las Vegas wanakufa, je, huku kwetu?

Huku kwetu ngumi zimefufuka. Tangu Septemba 2018, Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham na kumpiga Sam Eggington raundi ya pili, vijana wengi wameona kuna maisha ulingoni. Ni jambo jema, maana nchi hii ina historia ya ngumi: Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Lakini mwishoni mwa Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki Dar es Salaam baada ya kupigwa nokauti, naye kijana kama Wangila. Na hiyo ni Dar, penye hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Sasa chukua pambano la sikukuu kwenye ukumbi wa mji mdogo. Kutoka Sumbawanga mpaka hospitali ya rufaa ya kanda kule Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, unapita Laela, unapita Tunduma. Barabara ya lami ipo siku hizi, tunashukuru, lakini lami haifupishi kilomita. Bondia aliyezimia huku ana kinga moja tu ya uhakika, nayo ni pambano kusimamishwa kabla ya lile konde la mwisho. Yaani mwamuzi. Au kocha anayerusha taulo.

Na hao ndio tunaowatukana.

Mnakumbuka Septemba 2022? Mwakinyo alikuwa Liverpool na Liam Smith, akashindwa kuendelea raundi ya 4, akasema kifundo cha mguu kimeumia. Jinsi tulivyomsema! Vichekesho vilizunguka kwenye simu zetu wiki nzima, mtu akaitwa mwoga. Mimi pia nilicheka, sikatai. Sijui mguu wake uliuma kiasi gani, wala wewe hujui. Ninachojua ni kwamba alirudi nyumbani akiwa na akili zake, akapigana tena. Wangila alitaka kuendelea, akarudi Nairobi kwenye jeneza.

Simlaumu Wangila. Ile roho ya kukataa kuacha ndiyo iliyompeleka Seoul, huwezi kuwa bingwa wa Olimpiki bila hiyo. Lakini ndiyo maana bondia hawezi kuachiwa yeye aamue lini inatosha. Kazi yake ni kukataa. Kazi ya kuamua ni ya mwamuzi, ya daktari, ya kona yake. Na watu hao wanafanya kazi huku masikio yao yakisikia sisi tunavyopiga kelele. Joe Cortez alisimamisha pambano na bado mtu alifariki. Fikiria mwamuzi kijana kwenye ukumbi wa mkoani, ukumbi mzima unamzomea, promota anamkodolea macho. Ataingia kati mapema, au atasubiri konde mbili tatu zaidi ili asiitwe mla rushwa?

Wangila anakumbukwa kwa dhahabu yake, na anastahili. Kila Olimpiki zikifika Wakenya hulitaja jina lake, wanajiuliza nani mwingine ataleta dhahabu ya ngumi. Mimi ningependa akumbukwe na kwa zile dakika chache za Julai 1994, kati ya mwamuzi kupunga mikono na yeye kufika chumba cha kubadilishia nguo, akitembea, akilalamika, akijiona mzima.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye banda lile lile. Mwamuzi alisimamisha pambano jingine, kelele zikaanza kama kawaida. Yule jamaa yangu alinitazama, akatikisa kichwa, akanyamaza. Mmoja kati ya watu kama sitini. Si haba.

Mungu amlaze pema Robert Napunyi Wangila. Na wewe msomaji, siku utakapomwona refa anaingia kati, meza lile tusi kwanza. Tafakari.