Ule mstari wa kahawia kwenye meza ya fundi

Ukiingia karakana ya seremala pale Misungwi mjini, usianze na vitanda na makabati. Angalia meza ya kazi, ile iliyobandikwa shiti ngumu inayong'aa ili gundi na rangi zisigandie juu yake. Chungulia ukingo. Juu shiti inaweza kuwa nyeupe kabisa, lakini pembeni utaona mstari mwembamba wa kahawia iliyokolea. Mstari huo una historia.

Wengi huiita Formica hata kama imetoka kampuni nyingine. Jina limeungwa na maneno mawili ya Kiingereza, for na mica, yaani "badala ya ulanga". Ulanga ni madini yanayobanduka kama kurasa na hayapitishi umeme. Viwanda vya umeme viliyahitaji sana, na huku kwetu Wajerumani waliyachimba kwenye Milima ya Uluguru, Morogoro. Kule Pittsburgh, Marekani, wahandisi wawili wa Westinghouse, Daniel O'Conor na Herbert Faber, wakatafuta kitu cha kushika nafasi yake. Walitumia utomvu wa Bakelite, ambao Leo Baekeland aliutengeneza mwaka 1907. Mwaka 1913 wakaacha kazi na kufungua kampuni yao Cincinnati. Kwa hiyo babu wa meza ya fundi wetu ni kipuri cha umeme!

Utomvu ule ulikuwa na kasoro moja: ulikuwa mweusimweusi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaja melamini, isiyo na rangi, ikapakwa kwenye karatasi ya juu yenye mapambo. Tabaka za chini zikabaki karatasi za kaki zilizoloweshwa utomvu uleule wa zamani, zikashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Ndiyo kahawia unayoiona.

Sasa tatizo la fundi. Shiti hii haipitishi maji. Ukitumia gundi ya kawaida ya mbao, maji yake yanatokea upande wa mbao tu, na lazima ubane kwa saa nyingi. Dawa ni gundi ya mpira, na nyingi zake zinatokana na neoprini, mpira wa viwandani uliogunduliwa DuPont mwaka 1930. Unapaka pande zote mbili, halafu unasubiri. Hapo ndipo wanafunzi wa ufundi wanapoharibu, maana mkono unawasha kubandika. Gundi ikiwa bado mbichi, mvuke unanaswa ndani na shiti inavimba. Subiri hadi kidole kisinate, panga vijiti katikati ya shiti na ubao, kisha uvitoe kimoja kimoja ukikandamiza kuanzia katikati. Zikishagusana, hakuna kusogeza tena. Na fungua madirisha, zima jiko la mkaa: mvuke huo unalevya, na unashika moto haraka mno.

Kuna kosa lingine linalochelewa kuonekana. Ukibandika juu tu, upande wa chini unaendelea kunyonya unyevu wakati wa mvua na kuuachia kiangazi, wakati wa juu umezibwa. Ubao unapinda. Fundi mmoja aliyewahi kurudishiwa meza ya mteja kwa sababu hiyo aliinua ubao wa meza yake mwenyewe anionyeshe chini. Alikuwa amebandika mabaki ya shiti, rangi tatu tofauti, mpaka kwenye kingo.