Pafu Lipone, Sikio Life

Ukipanda matatu ya Nakuru kwenda Eldoret, utaijua Timboroa kabla makanga hajaitaja. Dirisha linajaa ukungu, watu wanafunga masweta, na siti ya nyuma mtu anaanza kukohoa. Hapa ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kikohozi cha baridi utakituliza na chai. Kile cha wiki mbili na zaidi, kwa miaka mingi, kiliwapeleka watu kwa sindano.

Streptomaisini ilipatikana New Jersey, Marekani, mwaka 1943. Aliyeitoa kwenye kijidudu cha udongoni ni Albert Schatz, mwanafunzi wa miaka 23 katika maabara ya Selman Waksman. (Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Mambo ya maprofesa hayo.) Penisilini ilikuwa haifui dafu mbele ya TB, hii ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza kuikabili kweli. Ila wagonjwa wa mwanzo kabisa walianza kuyumba wakitembea. Wataalamu wakaibadilisha kidogo, wakapata dihidrostreptomaisini, wakiamini ni salama zaidi. Kizunguzungu kilipungua. Badala yake watu wakawa viziwi, wengine wakati dozi imeshaisha.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo mno. Baadhi ni za kusikia, nyingine ndizo zinakufanya usimame wima hata gizani. Dawa ikiingia humo hutoka polepole, na seli hizo zikifa kwa binadamu, haziоti tena. Kwanza unasikia mlio kama wa chenene usiku. Halafu sauti nyembamba zinapotea: ndege, simu ya chumba cha pili. Mwisho unadhani watu wote wameamua kunong'ona. Mwenye figo dhaifu yuko hatarini zaidi, kwa sababu figo ndizo huitoa dawa mwilini. Hata mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa haskii.

Kitu hatukufundishwa shuleni ni mchango wa watu wetu. Mwaka 1970 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, zilianza kujaribu tiba ya miezi 6 badala ya mwaka mmoja na nusu. Makundi yote ya tiba hiyo fupi yalidungwa streptomaisini kila siku. Hesabu mwenyewe: karibu sindano 180 kwa mtu mmoja. Ilipoonekana kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi miezi 6 inatosha, dunia ikafuata njia hiyo. Leo TB ya kawaida inatibiwa kwa vidonge, miezi 6, na sindano imeondoka. Waliodungwa ili tujue hayo hawana hata mtaa ulioitwa kwa jina lao.

Sindano haikuisha kwa wote, lakini. TB ikikurudia, ulidungwa streptomaisini miezi miwili, kama mara 60. Ikiwa sugu, ulipewa kanamaisini, ya ukoo uleule, kwa miezi mingi zaidi. Sasa fikiria nauli ya kila siku, na masikio yanayolia. Na kuacha dawa kungeweza kukupeleka jela: mwaka 2010, Kapsabet, si mbali na hapa, wagonjwa wa TB walifungwa gerezani kwa kutomaliza dozi. Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2016 kwamba kuwafunga hivyo kulivunja Katiba.

Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza ile dozi ya marudio yenye streptomaisini mwaka 2017, na kanamaisini mwaka 2018. Kidonge cha bedakwilini kikachukua nafasi kwa TB sugu.

Kwa aliyemaliza dozi yake 2015, habari hiyo ilichelewa. Kifua kiko sawa, viazi analima. Ila makanga akiita, "Timboroa, kuna mtu?" lazima jirani amguse bega.