Kichocheo cha neva hupunguza maumivu sugu, lakini kina masharti yake

Maumivu mengi hutoweka kidonda kinapopona. Yapo, hata hivyo, maumivu yanayosalia baada ya kidonda kufunga kwa sababu mishipa ya fahamu, yaani neva, imeharibika. Mgonjwa huhisi kana kwamba anawaka moto au anachomwa sindano, na pengine hata mguso wa shuka humtesa.

Maumivu hayo huwapata baadhi ya wenye kisukari, waliougua mkanda wa jeshi, wanaoishi na virusi vya Ukimwi, waliopasuliwa mgongo na waliokatwa viungo baada ya ajali.

Matibabu huanza kwa dawa, kama vile amitriptilini na gabapentini, pamoja na mazoezi ya viungo. Hayo yasipofaa, wagonjwa wachache huweza kupandikizwa kichocheo cha neva.

Chimbuko lake ni nadharia iliyochapishwa mwaka 1965 na Ronald Melzack wa Canada na Patrick Wall wa Uingereza. Walieleza kuwa katika uti wa mgongo mna mfano wa lango linaloweza kuzuia taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo. Mwaka 1967, daktari Mmarekani Norman Shealy alimpandikiza mgonjwa kifaa cha kwanza cha aina hiyo.

Waya mwembamba hulazwa karibu na uti wa mgongo, na kisanduku chenye betri huwekwa chini ya ngozi ya tumbo au ya makalio. Mgonjwa hukiongoza kwa rimoti. Kwanza hufanyiwa majaribio ya siku kadhaa, betri ikiwa nje ya mwili. Kwa kawaida, kifaa cha kudumu hupandikizwa iwapo maumivu yamepungua angalau kwa nusu.

Kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, upasuaji huo ungekuwa mwanzo tu wa safari. Katika majuma sita hadi manane ya kwanza, mgonjwa hukatazwa kuinama, kujipinda na kuinua vitu vizito, kwani waya huweza kuhama. Mchukuzi wa magunia katika soko la Kongowea hana budi kutafuta njia nyingine ya kujikimu kwa muda huo.

Dereva wa matatu au tuktuk mwenye kifaa kinacholeta mwasho hushauriwa kukizima anapoendesha, kwa kuwa mkao ukibadilika msisimko huweza kuongezeka ghafla na kumshtua. Mvuvi anayepiga mbizi naye amuulize daktari kuhusu kina. Baadhi ya vifaa havifai kupita mita 10.

Katika Uwanja wa Ndege wa Moi, ulioko Changamwe, mlango wa ukaguzi huweza kulia au kuathiri kifaa. Msafiri aonyeshe kadi ya kifaa chake na kuomba kukaguliwa kwa mkono.

Betri nazo zina gharama. Zile zisizochajiwa hudumu miaka kadhaa, kisha mgonjwa hupasuliwa tena ili zibadilishwe. Mwenye betri ya kuchaji asingoje iishe kabisa, maana umeme ukikatika usiku maumivu humrudia.

Kabla ya kipimo cha MRI au upasuaji wowote, wahudumu wa afya sharti waelezwe kuhusu kifaa hicho. Tiba ya viungo inayotumia joto la mawimbi ya umeme, iitwayo diathemia, ni marufuku kabisa kwake, kwa kuwa huweza kuunguza neva.

Homa, uwekundu au usaha kwenye jeraha ni dalili za maambukizi, na mgonjwa asikawie kwenda hospitalini. Mkazi wa Likoni akumbuke kuwa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani iko kisiwani, ng'ambo ya feri.

Wataalamu wenyewe hawajaafikiana kuhusu manufaa yake. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kifaa hicho kwa maumivu ya neva yatokanayo na kisukari. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyochambua tafiti 13 zenye washiriki 699, hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba kinawafaa kwa muda mrefu wenye maumivu ya kiuno.

Kwa hiyo, familia inayochanga fedha ili mgonjwa wake akapasuliwe India au kwingineko ina maswali ya kuuliza kabla ya kuuza shamba. Akisharudi nyumbani, ni nani atakayerekebisha mipangilio ya kifaa? Waya ukihama, utatengenezwa wapi? Betri inayofuata italipiwa na nani?

Kifaa hiki hakiponyi neva iliyoharibika. Hupunguza maumivu tu, tena maadamu kinafanya kazi na yupo mtaalamu wa kukihudumia. Asiyepata majibu ya maswali hayo ni afadhali asubiri, huku akiendelea na dawa na mazoezi.